Lori la Askari Chini ya Mwembe

Mtu akipita nyumbani kwangu hapa Kolwezi wakati wa jioni, baada ya mafundisho ya wakatekumeni, hunikuta nimeketi mezani chini ya mwembe. Mkononi nina mkasi wa bati, na kando yangu wamesimama wavulana sita au saba, kimya kama watu walio katika mtihani. Mpita njia hudhani natengeneza taa ya mafuta. Akikaribia, aona lori dogo la askari lenye magurudumu kumi. Wengine hucheka na kwenda zao. Wengine huuliza: “Mwalimu, hii nayo ni kazi ya mtu mzima?” Lakini mzee mmoja wa baraza la parokia alikuja na swali lenye uzito zaidi. Alilitazama lori, akawatazama watoto, akasema: “Mwalimu, nchi hii imeona askari wa kutosha. Wewe unayewafundisha watoto wetu sala, kwa nini wawafundisha tena malori ya vita?”

Siku ile sikuwa na jibu. Nilimpa kiti, tukazungumza habari za mvua. Leo nataka kumjibu, na njia ya kumjibu ni kueleza jinsi lori lile lilivyojengwa, na jambo lililotokea lilipokaribia kwisha.

Kuunda motokari si jambo geni kwetu. Kila aliyekulia katika miji ya shaba, kuanzia Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, anazijua motokari za watoto: mwili wa waya au wa mkebe wa maziwa, magurudumu ya ndala zilizochakaa, na fimbo ndefu ya waya inayopanda mpaka kifuani pa mtoto, ili aiendeshe huku akikimbia nyuma yake. Mimi nami nilikuwa fundi wa motokari hizo. Mwaka 1997, wakati wa vita vilivyomwondoa Mobutu, malori ya askari yalipita mtaani kwetu. Sisi watoto tuliyakimbilia. Mama zetu walikimbia upande mwingine. Jioni ile ile niliunda kamyo, maana ndivyo tunavyoliita lori hapa kwetu, nikapanga ndani yake mawe madogo yawe askari. Mama aliliona, akalichukua bila neno, akalitupa juu ya paa. Nililia sana. Sikuelewa kwa nini mama yangu, mtu mpole, auchukie mkebe.

Miaka ikapita, nikaenda seminari. Mwishowe nilitambua kwamba njia yangu ni nyingine; nikarudi, nikaoa, nikawa mwalimu wa dini. Lakini seminarini nilipata mambo mawili ambayo sikuyaacha: mazoea ya kusoma, na maarifa ya skeli. Padri aliyetufundisha hesabu alikuwa na kitabu cha michoro ya motokari za zamani, na kila mchoro ulikuwa na vipimo vyake. Alituambia tuchague mmoja, tuuchore upya kwa ukubwa mwingine bila kuharibu umbo. Wenzangu walichagua motokari za starehe. Mimi nilichagua lori la askari, na mchoro ule ninao mpaka leo.

Skeli ni kama ahadi. Ukisema kwamba sentimeta 5 za lori lako ni meta 1 ya lori lenyewe, umeahidi jambo hilo kwa kila kipande, kuanzia gurudumu mpaka kichwa cha msumari. Ukivunja ahadi mahali pamoja, jicho la mtazamaji litasumbuka, hata kama mwenyewe hawezi kusema kasoro iko wapi. Motokari za utoto wangu hazikuwa na ahadi yoyote. Zilikuwa na magurudumu makubwa kama sahani na kichwa kidogo kama kiberiti, nazo zilitupendeza hivyo hivyo.

Katika nchi tajiri wako watu wazima maelfu wanaojenga mifano ya magari ya vita. Wengi hununua sanduku lenye vipande vya plastiki vilivyokwisha kutayarishwa, wakavigandisha kwa gundi. Skeli inayotumika zaidi kwa magari hayo ni 1 kwa 35, na asili yake inachekesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ya Japani iliunda mfano wa kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther. Walitaka kiende chenyewe, kwa hiyo walikipa mwili wa kutosha kuingiza mota na betri. Baadaye walipopima, waliona kwamba mwili ule ni kama sehemu moja ya 35 ya kifaru chenyewe. Mifano iliyofuata ikaja kwa kipimo hicho, na makampuni mengine yakafuata. Kumbe ukubwa wa betri ndio uliowapa mafundi wa dunia kipimo chao!

Basi nami sikuona haya kuchagua skeli yangu kwa sababu ndogo. Nilichagua 1 kwa 20, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi aweza kuipiga hesabu kichwani, na kwa kuwa mikebe ya mafuta ya kupikia inatoa bati la kutosha. Masanduku ya plastiki hayafiki kwetu, na kama yangefika, bei yake ingekula chakula cha nyumba. Sisi twaanza na bati tupu.

Lori nililolichagua ni lile la Marekani la vita vya pili vya dunia, GMC la tani mbili na nusu, ambalo askari waliliita Jimmy. Yaliundwa zaidi ya 500,000. Mwaka 1944, majeshi yalipokuwa yakikimbia mbele katika Ufaransa na reli zimevunjwa kwa mabomu, malori hayo na mengine yalipeleka petroli, risasi na chakula usiku na mchana, toka 25 Agosti mpaka 16 Novemba. Katika kila madereva wanne wa kazi ile, watatu hivi walikuwa Wamarekani weusi. Wavulana wangu walipolisikia hilo walinyanyua vichwa. Walidhani kwamba katika vita vya wakubwa watu kama sisi walitazama tu.

Niliwaambia pia yaliyotangulia lori. Katika vita vya kwanza vya dunia, jeshi la Kongo, yaani Force Publique, lilipigana na Wajerumani likaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Mizigo ya safari ile ilikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Upande wa Waingereza ilikuwa vivyo hivyo: jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, na la Kariokor ya Nairobi, yote mawili yametoka kwa kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Tulipiga hesabu. Mpagazi mmoja akichukua kilo 25, na lori moja likichukua kilo 2,270 kwenye njia mbaya, basi lori moja ni watu 90. Mvulana mmoja akasema: “Mwalimu, basi lori liliwaokoa watu.” Nikamwambia ni kweli, ila tungoje tumalize kulijenga, ndipo tujue lote.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana najua wako wasomaji watakaopenda kujaribu.

Lori lenyewe lina urefu wa meta 6.5, kwa hiyo letu ni sentimeta 32 na nusu. Upana wake meta 2.24; letu ni sentimeta 11 na milimeta 2. Kitanda cha mizigo kina urefu wa meta 3.66, chetu ni sentimeta 18 na milimeta 3. Gurudumu lina kimo cha senti 90 hivi. Letu ni sentimeta 4 na nusu. Mambo haya tuliyaandika kwa chaki juu ya ubao, na kila mvulana aliyakariri kabla ya kushika mkasi.

Tulianza na chasi, yaani mifupa. Ni vipande viwili virefu vya bati lililokunjwa pande tatu kama mfereji, kwa sababu bati tupu hupinda, lakini bati lililokunjwa husimama imara. Mihimili ya magurudumu ni vyuma vya mwavuli uliovunjika. Springi ni vipande vyembamba vya bati vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, kila cha juu kifupi kuliko cha chini, kama vitabu vilivyopangwa na mtu nadhifu. Magurudumu tuliyakata katika ndala nzito, tukayasugua juu ya saruji mpaka yakawa duara, kisha tukayachonga meno kwa kisu kilichotiwa moto. Mbele yako mawili. Nyuma yako manane, mawili mawili kila upande wa kila mhimili. Kazi ya magurudumu kumi ilitula wiki tatu, maana tuliyatupa mengi kuliko tuliyoyatumia.

Kioo cha mbele tulikipata kwa filamu ya eksirei ya zamani. Ukiiloweka katika dawa ya javeli, picha ya mifupa huyeyuka, na filamu hubaki safi kama maji. Turubai ni kitambaa cha suruali yangu ya kaki iliyokwisha magotini. Rangi nayo ilitufundisha kitu. Duka lilikuwa na njano na nyeusi tu, na wavulana walikata tamaa. Lakini njano ukiitia nyeusi kidogo kidogo, haitoki kijivu. Hutoka kijani kile kile kizito cha jeshi. Walishangaa kama waliouona mwujiza, nami nikawaacha washangae.

Palitokea pia jambo la aibu, nami sitalificha. Tulihitaji waya wa shaba. Siku moja mvulana mkubwa kuliko wenzake, mwenye umri wa miaka 14, alileta waya mnene, mpya, unaong'aa, mkono mzima. Nilimwuliza ameupata wapi. Akatazama chini. Sisi watu wa Kolwezi twaijua shaba kama mvuvi anavyojua samaki. Sikuhitaji kuuliza mara ya pili. Waya ule ulikuwa umekatwa mahali ambapo umeme hupita, na waya kama huo, ukiwa na moto, hauulizi umri wa mtu. Nilifunga kazi. Nilikwenda naye kwa baba yake, kisha sisi watatu tukaupeleka waya kwa wenyewe na kuomba msamaha. Kwa wiki mbili lori lilikaa kabatini. Wavulana walinung'unika, lakini nilikuwa nimewaambia tangu mwanzo kwamba skeli ni ahadi, nami sikuona jinsi ya kuwafundisha ukweli wa milimeta kwa waya wa wizi. Baadaye nilinunua kwa fundi wa redio mota ndogo iliyoungua, nikamkabidhi mvulana yule yule aifungue. Ndani yake kulikuwa na waya mwembamba wa shaba wa kutosha kwa miezi mingi. Akauzungusha kwenye kijiti kwa uangalifu mkubwa. Tangu siku ile alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Hata lori likakaribia kwisha. Zilibaki benchi za askari, zile za mbao zinazokaa ubavuni mwa kitanda, upande huu na upande huu. Tulizichonga katika vijiti vya sanduku la matunda. Ndipo mvulana mmoja akauliza: “Mwalimu, wanakaa wangapi?” Mchoro wangu haukusema. Nikawaambia tupime. Mtu aliyeketi akiwa na mzigo wake anataka kama senti 45. Kwetu hiyo ni sentimeta 2 na robo. Sentimeta 18 na milimeta 3, ukizigawa hivyo, unapata watu wanane. Wanane huku na wanane kule, jumla 16. Wavulana wakafurahi kwa kuwa wamepata jibu wenyewe.

Nyuma yetu sauti ikasema: “Walikuwa zaidi.”

Alikuwa jirani yangu, mzee wa miaka karibu 60. Amekuwa akija jioni nyingi, akikaa kwenye kigogo mbali kidogo, asiseme kitu. Nilidhani anapenda tu kutazama kazi za mikono. Siku ile aliinuka, akasogea mezani, akalishika lori kwa mikono miwili. Aliligeuza, akatazama nyuma yake. Akajaribu kwa kidole kuushusha mlango wa nyuma. Haukushuka, kwa sababu nilikuwa nimeulehemu. Katika mchoro ulikuwa umefungwa, nami niliufunga kama mchoro.

Akasema: “Lori lako ni zuri, mwanangu. Lakini halifunguki.” Kisha akaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kwake. Mama wa nyumba alitupa chai, akatuacha. Yaliyofuata ninayaandika kwa ruhusa yake, naye ameniomba nisiandike jina.

Wasomaji wengi mnazijua habari za mwaka 1978. Mji wetu ulikuwa umekwisha kuyaona malori ya askari: mwezi wa Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia hapa, mwishoni mwa utengano wa Katanga, na mwaka 1977 askari wa Moroko walishushwa hapa kwa ndege, katika vita vya kwanza vya Shaba. Lakini tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa Kikatanga waliotoka Angola waliutwaa mji wenyewe. Watu walijifungia majumbani. Tarehe 19 Mei askari wa miavuli wa Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa, kama 400, waliruka kutoka angani, na kesho yake wakaja Wabelgiji. Wazungu zaidi ya mia moja waliuawa katika siku zile, na Waafrika mamia. Wavulana hupenda habari za miavuli. Mimi huwaambia kwamba hata watu walioanguka kutoka mawinguni walishuka bila malori yao, wakachukua motokari walizozikuta mjini, na malori yao yakafuata kwa njia ya Lubumbashi. Hivyo ndivyo nilivyozoea kuisimulia vita ile: tarehe, hesabu, na magari.

Jirani yangu alikuwa mtoto wa miaka kumi. Kaka yake alikuwa na miaka 19. Asubuhi moja katika siku zile hapakuwa na maji nyumbani, na kaka alitoka na ndoo. Lori lilisimama kwenye kona. Mtoto alikuwa nyuma ya mlango, na katika ufa wa mlango aliweza kuona kipande kidogo tu cha nyuma ya lori. Alisikia minyororo ikifunguliwa, kisha mlango wa bati ukianguka kwa kishindo, kisha sauti za watu. Akaona miguu ikipanda, mingi, zaidi ya 16. Kisha minyororo ikafungwa tena, upande wa kushoto, upande wa kulia, na lori likaondoka. Ndoo ilibaki kando ya njia. Mama yao aliichukua, akaitumia miaka mingi. Kaka hakurudi. Mzee hakusema askari wale walikuwa wa upande gani, nami sikuuliza.

“Watu wakija kutuhoji,” akasema, “huuliza habari za bunduki. Mimi bunduki sikuiona. Mimi naijua minyororo. Mpaka leo lori la mchanga likishusha mlango wake pale sokoni, mimi husimama.”

Nilimwuliza kama lori lile lilikuwa la namna ya langu. Akatikisa kichwa, hakujua. Alisema: “Yaweza kuwa si hili. Lakini mlango wa nyuma ndio ule ule.”

Nilirudi nyumbani, nikawaita wavulana, nikawasimulia. Hakuna aliyecheza. Kisha tukapasha moto chuma, tukayeyusha lehemu, na mlango ukatoka. Tuliufanyia bawaba kwa sindano na mrija wa kalamu. Minyororo ilimwangukia mvulana wa waya. Mnyororo huundwa hivi: unazungusha waya kwenye msumari mwembamba, duara kwa duara, kama kamba kwenye roda, unauchomoa msumari, unakata duara zile kwa mstari mmoja upande wa juu, unapata pete ndogo nyingi, kisha unaingiza pete moja katika nyenzake na kuifunga kwa koleo. Pete zetu zilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama. Alitumia jioni nne. Pete nyingi zilipotea vumbini, naye alianza upya bila kulalamika. Mwisho wa kila mnyororo alitia ndoana.

Jioni ya tano mzee alikuja. Nilimpa lori, sikusema kitu. Alitoa ndoana ya kushoto, akatoa ya kulia, akauachia mlango. Ulianguka kwa sauti ndogo sana, kama kijiko kikianguka katika sahani. Aliuinua, akaufunga. Akaufungua tena. Wavulana walisimama wamenyamaza. Mara ya tatu aliuacha umeshuka, akaliweka lori juu ya meza, akakaa akilitazama mpaka giza likaingia.

Kisha akasema: “Uache hivyo. Walio ndani waweze kushuka.”

Wasomaji wapenzi, sasa narudi kwa yule mzee wa baraza. Nimekwenda kwake, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Nilimwambia: Mzee, wewe ulisema kweli kwamba nchi hii imeona askari wa kutosha. Lakini watoto wataunda malori ya askari, tukipenda tusipende. Nilipokuwa mtoto niliyaunda kwa mkebe na mawe, na katika kichwa changu lori lilikuwa nguvu tu na mbio tu. Mama yangu alilitupa juu ya paa, naye alikuwa na sababu zake. Lakini hakuniambia sababu hizo, nami nilikua miaka mingi bila kuzijua. Kumnyang'anya mtoto lori hakumfundishi kitu. Mpe rula. Mwambie apime benchi, ahesabu watu, aulize walikwenda wapi, na kama walirudi. Lori lile lile lililomwondolea mpagazi mzigo wa kichwani ndilo lililowachukua vijana kwenye kona asubuhi. Mtu anayelijenga kwa kipimo cha kweli hawezi kuchagua upande mmoja akaacha mwingine, kwa sababu kitanda ni kimoja na mlango ni mmoja.

Mzee wa baraza alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba nimeshinda. Alisema tu: “Basi nitawatuma wajukuu wangu. Lakini waya wa shaba uuchunge.” Nikamwahidi.

Na mimi pia nilipata somo langu. Nilikuwa nimepima lori lile kwa milimeta, nikajisifu kwamba halina kosa, na kumbe nilikuwa nimelehemu mahali penye habari. Mchoro haukuniambia. Jirani aliyekaa kwenye kigogo jioni nyingi ndiye aliyejua, nami sikumwuliza hata siku moja kwa nini anakuja. Katika miji yetu wako wengi kama yeye. Waliokuwa watoto mwaka 1978 sasa wana mvi, nao hawatakaa nasi daima. Nyumbani kwako kama yuko mzee anayesimama lori linaposhusha mlango sokoni, usipite kando. Mpe kiti, umngoje.

Lori halipo tena chini ya mwembe. Liko nyumbani kwa jirani yangu, juu ya kabati la vyombo, karibu na ndoo ya zamani. Turubai limekunjwa, benchi ziko wazi, na mlango wa nyuma umeshuka. Mama wa nyumba hulifuta vumbi kila Jumamosi, wala haufungi.

Wavulana wameanza lori la pili. Mvulana wa minyororo ndiye anayeshika rula, na siku ya kwanza, kabla ya kukata bati, aliandika juu ya ubao kwa chaki: “Mlango ufunguke.”